Kumpita Baba Mkwe

Irine alikuwa na miaka sita ya ndoa pale Munisagara, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Kisogo alikijua. Viatu alivijua. Kikohozi alikijua kuliko sauti ya mumewe, maana kikohozi ndicho kilichomkimbiza kutwa nzima. Si kwamba Mzee Lupakisyo alikuwa na ugonjwa wa kifua. Alikohoa kama dereva anavyopiga honi kwenye kona, kutoa taarifa kwamba anakuja na anayepaswa kukimbia akimbie.

Ilikuwa desturi ya Kinyakyusa, aliyokuja nayo babu wa mzee huyo kutoka Rungwe enzi za mashamba ya mkonge. Mkaza mwana na baba mkwe hawaonani, hawasalimiani, hawapeani mgongo wala uso. Wanyakyusa wengi wa Kilosa walishaiacha zamani. Wengine waliokoka wakaitupa, wengine walihamia nyumba ya vyumba viwili wakaona wazi kwamba haitekelezeki. Lakini Mzee Lupakisyo alikuwa na uwanja mpana na kichwa kigumu, kwa hiyo kwake iliendelea bila kupungua hata chembe.

Irine alikuwa mzaliwa wa Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha Kilosa, watu wa bondeni, ambao baba mkwe wanamsalimia kama wanavyomsalimia mtu mzima yeyote. Mwanzoni alicheka. Kisha akalia kidogo. Mwisho akazoea, akawa anajua kila pa kujificha kuanzia stoo hadi banda la kuku. Na likitokea jambo la lazima, lilisemwa kwa kupitia kitu. Mzee alisimama uani akamwambia kuku kwamba kesho ana safari ya Kilosa, arauke. Irine, akiwa stoo, akauambia mwiko kwamba amesikia na uji utakuwa tayari. Kuku na mwiko hawakuwahi kulalamika.

Sasa, mwezi wa sita mwaka huu, akaja msichana mmoja kutoka Dar aliyeitwa Yusrah, na ramani ndefu kama mkeka. Kampuni yake ilikuwa inafungua njia ya baiskeli ya kutoka vilele vya Rubeho hadi baharini, siku kumi na mbili, milima, mabonde, mito, na mwisho wake mawimbi. Wageni walishapatikana. Kilichokosekana kilikuwa kiongozi wa msafara, mtu mmoja wa huku huku anayeiweza milima, atakayetangulia mbele na wageni wafuate. Yusrah hakutaka vyeti. Alitangaza kwamba Jumamosi watu wote wenye nia waanze na baiskeli zao pale stesheni ya Munisagara, na atakayefika wa kwanza Mikumi, karibu kilomita mia moja, kazi ni yake.

Habari zikamfikia Irine. Mara nne kwa wiki alikuwa akishusha ndizi na nyanya hadi soko la Kilosa, kilo sabini kwenye keria, akarudi na chakula cha watoto wake na sukari na sabuni za watu. Hakuna mwanamume wa Munisagara aliyeweza kumfuata kwenye mwinuko akiwa na mzigo, sembuse bila mzigo. Lakini hakuwahi hata siku moja kupanda baiskeli kwenda mahali bila kitu cha kuuza. Aliitaka kazi ile kwa ajili ya mshahara, naam, mtu asidanganye. Zaidi ya hapo alitaka kwenda mpaka njia iishe, auone huo mwisho wake, na aliitaka mpaka usingizi ukampungua.

Alimwambia mumewe, Goodhope, akamsihi asimwambie mtu mpaka siku ifike. Goodhope alikuwa mtu mpole ambaye kazi yake kubwa katika ndoa ile ilikuwa kukaa katikati. Akaapa. Wiki tatu Irine akafanya mazoezi kila jioni, na wiki tatu akashangaa kwa nini asubuhi na mapema baiskeli kuukuu ya mzee haikuwepo chini ya upenu. Akadhani mzee amepata kesi ya shamba huko mjini. Angemuuliza nani, kuku?

Jumamosi ile, stesheni, Irine alikuwa anakaza nati za keria aliposikia kikohozi. Miguu ilijua kabla ya akili. Kufumba na kufumbua alikuwa nyuma ya rundo la mataruma ya reli ya zamani, yeye na baiskeli yake, amechutama. Goodhope akamfuata huko akiwa na uso wa mtu aliyekula kitu kibaya. Irine akamuuliza kwa kunong'ona baba yake amefuata nini hapa.

"Na yeye anashindana," alisema Goodhope. "Aliniambia nisimwambie mtu."

Irine akamuuliza kama hakuona kwamba kulikuwa na haja ya kusema.

"Na wewe uliniambia nisimwambie mtu," alisema Goodhope, na kwa kweli alikuwa ametunza siri zote mbili kwa uaminifu mkubwa, akilala usingizi wake katikati.

Mzee Lupakisyo alikuwa na sababu zake. Miaka thelathini alikuwa kwenye genge la reli, akikagua njia kwa miguu na kwa baiskeli, na kwa maoni yake hakuna mtu chini ya jua aliyekuwa na haki ya kumwonyesha mgeni milima ile isipokuwa yeye. Hata treni ya umeme aliilaumu kwamba inapita kwa kasi bila kusalimu. Umri wake ulikuwa sitini na saba, na hakuuona kuwa kikwazo.

Hapo ndipo Yusrah, kwa nia njema kabisa, alipoharibu mambo. Alitaka kuwaheshimu wazee, akatangaza kwamba wenye umri wa zaidi ya sitini watangulie kwa robo saa. Mwenye umri huo alikuwa mmoja tu. Mzee akakohoa kuaga, akaondoka taratibu mgongo wima. Goodhope akamshauri mkewe warudi nyumbani, maana mbele yake sasa kulikuwa na mtu asiyepitika. Irine alimjibu kwamba hatamwona mzee, wala mzee hatamwona yeye, lakini Mikumi atafika. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani kati ya watu watatu.

Ukimwacha mzee, walioanza walikuwa kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Mudi, kijana wa bodaboda wa Kilosa mjini, aliyeazima baiskeli yenye gia ishirini na moja na miwani ya kuendea nayo. Kwenye vilima vya kwanza Irine aliwapita wote kumi, Mudi akiwa wa mwisho kupitwa, bado anatafuta gia inayofaa. Ikawa raha tupu. Upepo ulikuwa mzuri, Mkondoa ukimeta upande wa kushoto, keria tupu, miguu myepesi mpaka akahisi kama ameibiwa kitu. Kisha akasikia kikohozi mbele ya kona.

Akashika breki zote mbili. Hatua mia moja mbele yake Mzee Lupakisyo alikuwa amesimama, mguu mmoja chini, anamsalimia mwanamke aliyekuwa akipalilia maharage. Alimuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mguu uliovunjika mwaka juzi. Alipomaliza akapanda, akaenda mita mia mbili, akakutana na mwingine. Njia ilikuwa nyembamba, huku mto, huku mlima, na mzee hakuwa na haraka hata kidogo, kwa sababu hakuona mtu wa kumshinda kwenye milima ile. Akisimama, Irine anasimama. Akienda, Irine anakwenda. Mmoja mmoja wale kumi wakampita. Mudi alipomkaribia akamuuliza kama amepata pancha, akaangalia mbele, akaelewa, akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Halafu akampita na mzee, akapiga kengele na kusema, "Mambo vipi, babu."

Irine aliona kisogo kile kikikakamaa.

Kilosa mjini alipata nafasi. Mzee alikuwa na wastaafu wenzake wanaokaa karibu na stesheni, na hakuna njia ya kuwapita wastaafu watano kwa chini ya dakika ishirini. Irine akakata mitaa ya nyuma ya soko, akatokea kwenye barabara ya Ulaya, akalala juu ya usukani. Akawapata wawili, akawapata watatu, akawapata wengine wawili wamekaa chini wananyoosha misuli. Akawapita wawili wa mwisho kwenye daraja. Alibaki Mudi tu. Alimwona kwa mbali, shati lake la njano linapanda na kushuka, na akajua kwa hakika kabisa kwamba atamkamata kabla ya Ulaya.

Asichokijua ni kwamba mtu wa genge haendi na barabara. Mzee alikuwa amekata kupitia kwenye tuta la reli ya zamani ya kwenda Kidatu, akaokoa kilomita nyingi, akatokea mbele yake kabla tu ya Ulaya. Na kwa kuwa kofia yake ilikuwa imeanguka njiani, alikuwa ameigeuza baiskeli anairudia. Kikohozi safari hii kilikuja kikielekea kwake. Irine akajitupa kwenye shamba la mbaazi pamoja na baiskeli, akalala kifudifudi. Mzee akapita. Akaokota kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa, akarudi alikotoka, akapita tena. Irine alipoinuka alikuwa na udongo mdomoni, na baba mkwe wake alikuwa mbele yake tena.

Walipita Ulaya hivyo hivyo, siku ya gulio, na watu wa kwao wakimwita jina kutoka kila upande aje awasalimie. Aliwapungia mkono kwa kificho kama mwizi. Mama mmoja aliyemfahamu tangu utotoni alimuuliza kwa nini anamnyatia yule mzee. Irine akamwashiria anyamaze, akaendelea kunyata.

Baada ya Ulaya barabara inapanda, na mvua za masika zilikuwa zimeimega vibaya. Mahali pamoja palibaki njia ya mtu mmoja. Upande wa kulia korongo, upande wa kushoto kichaka kilichofumwa na upupu, maganda yake ya kahawia yamekauka vizuri yanangoja mtu. Pale katikati mzee alipata pancha. Akaipindua baiskeli, akatoa tairi, akatafuta solusheni ya kuzibia mfukoni, akaanza kazi kwa utaratibu wa mtu aliyefundishwa kazi na Serikali.

Irine alisimama nyuma ya kona, akakaa juu ya jiwe, na machozi yakamtoka. Hakulia kwa kwikwi. Yalimtoka tu, naye akaliona shati la njano likivuka kilima cha mbele na kupotea. Angeweza kupita. Ilikuwa hatua thelathini. Angefumba macho akapita, na jioni angefika nyumbani kwa mtu ambaye yeye mwenyewe amemtukana kuliko tusi lolote, na Goodhope angekaa katikati ya hilo maisha yake yote. Akageuza baiskeli ili arudi Ulaya, kwa mama yake.

Pedeli yake ya kushoto ikalia, kwi, kama ilivyolia kila jioni aliporudi sokoni.

Mzee akaacha kugonga. Kisha akakohoa, si kikohozi cha honi, kikohozi cha mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Baiskeli," alisema mzee, akiiambia ile iliyopinduliwa mbele yake, "hebu nikuulize. Kuna mwenzako kule konani. Tangu Munisagara nikisimama anasimama. Ni wa nani?"

Irine akainamia usukani wake.

"Baiskeli yangu, mwambie mwenzako kwamba wewe ni wa nyumbani."

Mzee akafikiri. Alikuwa anaijua pedeli ile. Miaka sita aliisikia ikiingia uani jua likizama, na hapo ndipo alipojua kwamba wajukuu wake watakula.

"Basi mbona wa nyumbani hapiti?"

"Mwambie njia imezibwa na heshima."

Mzee alitazama tairi, akatazama njia mbele, akatazama njia nyuma mpaka kwenye kona, asiyapeleke macho zaidi. Irine hakuona hayo yote, aliyahisi tu. Halafu mzee akaiuliza baiskeli yake ni nani yuko mbele kule.

Irine akaiambia yake kwamba ni Mudi peke yake, yule wa shati la njano.

"Yule wa mambo vipi, babu?"

"Huyo huyo."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Aliiegemeza baiskeli yake kwenye ukingo ili njia iwe wazi, akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Kisha Mzee Lupakisyo, ambaye kwa miaka sita alikuwa amekimbiwa, akageuka, akaingia kichakani. Akaingia na mabega yote, kwenye upupu, akachutama huko uso ameupa majani, na kutoka ndani akakohoa mara moja kwa nguvu.

Irine alielewa. Akapanda akapita, macho kwenye tairi la mbele. Alipofika usawa wa kichaka alisikia majani yanatikisika, na alijua kabisa kinachoendelea mle, maana upupu hauna mkubwa wala mdogo. Lakini sauti haikutoka. Mzee hakupiga hata chafya mpaka pedeli ile ilipopotea mbali.

Jinsi alivyoendesha kuanzia pale, watu wa kule bado wanasimulia, na wanaongeza. Ukweli ni kwamba alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, hali ambayo haimfai mpanda baiskeli. Alimkuta Mudi kilomita nane kabla ya Mikumi, miguu imekaza, gia zote ishirini na moja hazina msaada. Irine akampa shikamoo ya utani, akampita. Akaingia Mikumi mjini saa tisa na nusu, malori ya barabara kuu yakimpigia honi, na Yusrah akamkumbatia mbele ya kibanda cha mama ntilie na kumvika koti la rangi ya chungwa lenye neno KIONGOZI mgongoni.

Wengine wakafika mmoja mmoja. Goodhope alifika kwa bodaboda. Saa kumi na mbili kasoro, wakati Yusrah amewapanga watu kwa ajili ya picha na mshindi katikati, kikasikika kikohozi.

Mshindi akatoweka. Alikuwa nyuma ya pipa la maji la mama ntilie kabla mpiga picha hajashusha simu. Mzee Lupakisyo akaja akiikokota baiskeli, shingo na mikono vimevimba na kuwa vyekundu, anajikuna kwa adabu. Akasimama. Akawatazama watu wote. Hapakuwa na kuku karibu, na baiskeli yake aliilaza chini.

"Irine," alisema. "Toka huko. Watu wanamtafuta kiongozi wao."

Hakuwahi kulitaja jina lile. Irine hakujua hata kama analijua. Alitoka nyuma ya pipa hatua kwa hatua, macho chini, akaviona viatu anavyovijua, kisha taratibu akapandisha macho mpaka juu. Ulikuwa uso wa Goodhope, uliozeeka na kuchoka, wenye macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia mwanawe kana kwamba ameuziwa kitu tofauti na alichoagiza. "Kumbe ni mdogo hivi. Kwa ule utwangaji wake kinuni nilijua tumeoa jitu."

Watu wakaangua kicheko, na Irine akacheka kuliko wote. Yusrah, aliyeshaelezwa habari nzima na Goodhope na kuona aibu kwa ile robo saa, akasogea kwa unyenyekevu. Akamuuliza mzee kama anamruhusu mkaza mwana wake kwenda siku kumi na mbili mpaka baharini, akiwatangulia wageni. Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nimeshaingia kwenye upupu, binti. Ruhusa gani tena unaitaka?"

Akakaa kwenye benchi, akawa anajikuna bila adabu sasa. Irine akakimbilia jikoni kwa mama ntilie, akachota majivu makavu kwenye sahani, maana ndiyo dawa. Akaja nayo, na kwa mazoea ya miaka sita akaiweka chini, hatua tatu kutoka kwa mzee, akarudi nyuma akiinamisha kichwa, angoje mtu mwingine aiokote na kuipeleka.

Mzee aliitazama sahani ile pale chini. Goodhope akainuka, tayari kukaa katikati. Mzee akamwashiria akae.

"Mkononi, mwanangu," alimwambia Irine, akanyoosha kiganja.